Mama Miavuli Aitwa Mara Tatu

Soko kuu la jiji lilikuwa na mafundi wa kila namna, lakini wa miavuli alikuwa mmoja tu. Alikaa barazani, chini ya ngazi ya kupandia ghorofani, baina ya muuza mabeseni na fundi miwani, mahali ambapo mteja mrefu hulazimika kuinama kama anayeomba radhi. Kwenye benchi lake palikuwa na koleo, makopo ya springi, nyuzi, sindano za kila ukubwa, na lundo la miavuli iliyovunjika mbavu, ikisubiri zamu kama wagonjwa wa zahanati. Watu walimwita Mama Miavuli. Hakuwahi kuzaa, na hakuona kwamba hilo lilimhusu mtu.

Mama Miavuli alikuwa kiziwi. Homa ilimchukulia masikio akiwa darasa la kwanza, akauzoea ukimya kama wengine wanavyoizoea miwani. Shule ya viziwi ilimpa lugha ya alama, na maisha yakamfundisha kusoma midomo. Midomo mitupu ilimpa raha. Wenye masharubu mazito aliwaona kama kitabu kilichomwagikiwa chai: unapata neno hapa, neno pale, mengine unabahatisha. Sauti alikuwa nayo, ila aliitumia kwa nadra, kwa wateja wabishi tu, maana ilitoka bila vipimo na mtu mzima angeweza kuruka.

Nyumbani aliishi na binti wa kaka yake, msusi, ambaye ukoo mzima ulimwita Redio. Mdomo wake haukuwa na breki. Lugha ya alama aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na aliweza kupiga domo kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja, tena habari mbili tofauti.

Mambo yalianza pale jiji lilipotangaza uhakiki wa nafasi za sokoni. Kila mwenye nafasi alitakiwa kufika ukumbi wa ofisi ya jiji, aitwe jina, aitike, agongewe mhuri. Atakayeitwa mara tatu bila kuitika, nafasi yake atapewa mwingine. Utaratibu wenyewe ulionekana mwepesi, na Mama Miavuli alifika asubuhi na mapema, amevaa gauni lake la kwenda kwa watu.

Karani wa uhakiki alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Aliinamisha kichwa juu ya daftari, akapeleka mdomo kwenye kipaza sauti, akaita jina mara tatu, akangoja kidogo, kisha akapiga mstari. Kichwa hakikuinuka mpaka mtu asimame mbele yake na kusema "nipo". Mama Miavuli alikwenda dirishani kumweleza hali yake. Karani, bila kumtazama, alielekeza kalamu kwenye tangazo lililobandikwa kiooni, sawasawa na mdomo wake: SUBIRI KUITWA JINA. USIGONGE KIOO.

Basi akakaa safu ya mbele, akatoa macho. Watu waliinuka mmoja mmoja, wakaenda, wakarudi na karatasi zao wakitabasamu. Mara moja moja hakuinuka mtu, na ukumbi mzima ukageuza shingo huku na huku kumtafuta anayeitwa. Mama Miavuli naye aligeuza shingo, kwa adabu, akishangaa ni mzembe gani huyo anayepoteza muda wa wenzake.

Alikaa hapo mpaka mfagiaji alipofikisha ufagio miguuni mwake.

Kesho yake alikuta tangazo limebandikwa juu ya benchi lake. MKAIDI, liliandikwa. AMEITWA MARA TATU AKAKATAA KUITIKA. Nafasi ingegawiwa mwisho wa mwezi. Kabla hajalimaliza kulisoma, alitokea bwana mmoja nadhifu mwenye utepe wa kupimia, akamwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Usijali, endelea tu na kazi. Nashika vipimo."

Midomo yake ilisomeka vizuri kabisa. Mama Miavuli, akidhani ni mtu wa jiji, akamshikia upande mmoja wa utepe ili wapime kwa usahihi. Bwana yule akashukuru, akaandika, akaondoka. Ndipo fundi miwani alipokuja mbele yake, akasema polepole, "Dada, unajua umemsaidia nani? Yule ni Makava. Anauza makava ya simu kule getini. Ndiye atakayepewa hapa."

Mama Miavuli alikaa kwenye kigoda, akashika tama.

Si kwamba soko halikuwa na pembe nyingine. Lakini pale chini ya ngazi alikuwa na ukuta mgongoni, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumtokea kwa nyuma. Kila aliyekuja alikuja kwa mbele, na uso wake ukionekana. Ngazi yenyewe ilikuwa ya mbao, na alikuwa ameegemeza benchi kwenye nguzo yake, hata mtu akishuka kwa haraka aliijua haraka ile kwa viwiko. Mahali pengine popote angekuwa anashtushwa kutwa nzima. Tena mikono yake ilifanya kazi na sindano.

Jioni alimsimulia Redio. Redio alisimama katikati ya chumba na kitana mkononi.

"Mkaidi? Wewe? Shangazi, wewe hata kuku akikuzuia njiani unamsubiri apite! Kesho tunakwenda kuwashitaki. Huu ni ubaguzi mtupu. Piga ua, nafasi haiendi."

Ofisi ya jiji ilikuwa na Dawati la Malalamiko ya Ubaguzi na Mahitaji Maalumu. Lilikuwa ghorofa ya chini, mlango mpana, viti vizuri, na afisa wake alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye kitambaa cha kufutia jasho na huruma nyingi kuliko kazi. Aliwapokea kwa mikono miwili. Alipoambiwa kwamba mgeni wake ni kiziwi, alianza kuongea huku akipanua kinywa kama aliye kwa daktari wa meno, hata midomo yake ikawa haisomeki tena. Mama Miavuli akamgeukia Redio atafsiri.

"Anasema anakupenda sana," Redio akasema kwa mikono. "Anasema jiji zima linakupenda. Anauliza ufanyiwe nini."

Mama Miavuli alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. Alisema kwa mikono, na Redio akamtolea sauti: "Karani akifika kwenye jina langu, ainue kichwa, anipungie mkono. Basi."

Afisa alisubiri sehemu iliyobaki ya ombi. Alipoona haipo, akafungua kitabu cha huduma zinazoruhusiwa, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa.

"Mkono... mkono..." Akafuta jasho. "Mkono haumo, binti yangu."

"Haumo wapi?"

"Kwenye vifungu. Tuna kifungu cha vifaa. Mkono si kifaa."

"Lakini baba, mkono si anao tayari? Kila siku anakuja nao kazini!"

"Anao, ndiyo. Lakini ule ni wa kuandikia."

Redio alivuta pumzi. "Haya. Basi mimi nikae naye ukumbini. Akiitwa, namgusa bega."

"Hapo utakuwa dalali. Madalali tumewapiga marufuku, kila mwenye nafasi anaingia peke yake." Afisa alimwonea huruma kweli, ilionekana hata kwenye nyusi. Kisha uso wake ukachangamka. "Ila msife moyo. Tutampa spika."

"Spika? Kiziwi?"

"Kubwa," afisa akasema, kwa sauti ya mtu anayetuliza mtoto.

Redio alipotafsiri, mikono yake ilisitasita, na Mama Miavuli akamwomba arudie, akidhani ameikosea alama.

Hawakuwa wamekosea. Wiki iliyofuata Mama Miavuli aliitwa tena kwa rufaa, akakuta ukumbini spika mbili ndefu kama makabati, na katikati yake kiti chenye kibao: KITI CHA MAHITAJI MAALUMU. Afisa mwenyewe alikuwa anakifuta vumbi kwa kitambaa chake cha jasho. Alimketisha, akainua dole gumba, akarudi nyuma kwa mbwembwe.

Jina la kwanza lilipoitwa, watu wa safu nne za mbele waliziba masikio. Mama Miavuli alihisi kitu kikimgonga kifuani kama mtu amemsukuma. Haa, akajisemea, kumbe ndivyo ninavyoitwa. Akainuka, akaenda dirishani. Kwa sababu ya lile tangazo hakuona karani anauliza nini, lakini alikwisha kugundua zamani kwamba makarani ukiwakubalia mambo huenda upesi, kwa hiyo akaitikia kwa kichwa.

Karani alikuwa amemuuliza kama yeye ni muuza kuku wa banda la kaskazini.

Muuza kuku mwenyewe alifika mbio, mwanamume wa miraba minne, akitaka kujua ni lini amekuwa mwanamke. Wakaelewana kwa taabu. Mama Miavuli akarudi kitini, akaketi, na kifua kikagongwa tena. Akainuka. Sasa spika zile zilikuwa na tabia moja: zilimgonga kwa jina lake na zikamgonga vilevile kwa jina la mtu mwingine. Hata ilipofika saa sita, alikuwa amejitokeza kama muuza kuku, kama fundi saa, kama ndugu wawili wa mitumba kwa mpigo, na kama marehemu mmoja ambaye mjane wake alikuja kutoa taarifa za msiba. Mjane aliangua kilio. Askari wa mlangoni akaitwa, akamrudisha Mama Miavuli kitini, akamwonyesha kwa kidole cha onyo: hapo hapo, usinyanyuke tena.

Jina lililofuata lilikuwa lake. Kifua kiligongwa mara tatu. Mama Miavuli, kwa kuwa si mkaidi, akatii amri ya askari, akatulia tuli.

Karani akapiga mstari. Pembeni, kwa mwandiko mzuri, akaongeza: ana majina mengi.

"Shangazi, umefanya nini?" Redio aliuliza jioni hiyo, alipoona tangazo jipya benchini.

"Nimeitika," Mama Miavuli akasema kwa mikono. "Mara ya kwanza sikuitika, wakanung'unika. Leo nimeitika majina yote, bado wananung'unika."

Walirudi kwa afisa. Alisikitika mpaka akashindwa kunywa chai yake. Akaeleza kwamba jambo sasa limekuwa zito, maana mtu aliyejitokeza kwa niaba ya marehemu hawezi kupewa huduma nyingine kabla hajathibitishwa. Ingebidi akae mbele ya kamati, ionekane kama kweli hasikii.

"Tangu darasa la kwanza hasikii," Redio akasema.

"Naamini. Lakini kamati haikuwa naye darasa moja."

Kamati ilikuwa ya watu watatu na birika la chai. Mama Miavuli aliketishwa katikati ya chumba, na Redio akaketi mbele yake kama mkalimani, na kikombe mkononi. Daktari wa jiji alizunguka kwa kunyata, miguu mitupu, akasimama nyuma ya Mama Miavuli na beseni la bati na mwiko. Akalipiga beseni kwa nguvu zake zote.

Redio aliruka, chai yote ikamwagikia sketi. Mama Miavuli, kumwona binti yake anaungua, akageuka upesi kutazama nyuma kuna nini.

"Amesikia!" mwenyekiti akasema, na wote wakainamia karatasi.

"Hajasikia!" Redio alikuwa anakung'uta sketi. "Amegeuka kwa sababu mimi nimeruka!"

"Na wewe umeruka kwa nini?"

"Kwa sababu nimesikia!"

"Basi tunaelewana," mwenyekiti akasema kwa upole. "Kuna mtu amesikia humu ndani."

Wakaandika: anasikia, akitaka.

Siku zile Mama Miavuli alifanya kazi kichwa chini. Makava alipita kila jioni, akimwamkia vilevile kwa heshima, na siku moja alileta kipande cha zulia kuona kama rangi yake itapatana na ukuta. Fundi miwani alimwambia amtolee uvivu. Mama Miavuli alijaribu; alifungua kinywa akatoa sauti yake, moja tu, na muuza mabeseni akaangusha bidhaa yote. Makava akasema, "Haina neno mama, nitaleta ya kijani," akaenda zake.

Usiku Mama Miavuli hakulala vizuri. Mchana alijikuta ameshona mwavuli wa mteja upande wa nje ukawa ndani.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, afisa wa malalamiko alikuja mwenyewe sokoni, akiwa na furaha ya mtu aliyepokea mahari. Redio alikuwa ameleta chakula, akatafsiri.

"Nimepata njia! Kamati ilisema anasikia akitaka. Basi tatizo ni kwamba hatujampa kitu cha kumfanya atake. Tumeazima king'ora cha zimamoto. Wengine wote wataitwa kwa majina kama kawaida, bila zile spika. Yeye peke yake ataitwa kwa king'ora. Hawezi kuchanganya."

Redio alikaa juu ya lundo la miavuli. "Baba yangu, na ule mkono?"

"Mkono uko kwenye kamati ndogo."

"Kamati ndogo inafanya nini na mkono?"

"Inajadili upi. Wa kulia au wa kushoto." Afisa akashusha sauti. "Wamegawanyika."

Mama Miavuli aliwatazama wote wawili. Kisha akauliza swali moja kwa mikono: hicho king'ora kitawekwa wapi, karibu naye au mbali, maana akiwa mbali hatahisi kitu. Afisa akamhakikishia kwamba fundi umeme atalishughulikia. Mama Miavuli akajikaza. Alimwambia Redio kwamba atawatazama watu tu; watu wakiwa na nyuso za king'ora, atajua ni yeye.

Siku ya mwisho ukumbi ulifurika. Wale ambao Mama Miavuli aliwaitikia siku ya spika walikuwa wamefutiwa uhakiki, ikabidi warudi. Wote waliokuwa hawajahakikiwa walikuwa wameiacha kazi hiyo mpaka siku ile, soko karibu zima, na Makava naye alikuwemo, maana ili apewe nafasi mpya ilibidi kwanza ahakikiwe ile ya getini. Fundi umeme alikuwa amezunguka ukumbi akitafuta soketi, akapata moja tu inayofanya kazi, nyuma ya kiti cha karani. King'ora, kikubwa kama sufuria ya kupikia shule nzima, kilikaa hapo, kinywa kikielekea kisogo cha karani. Wafanyakazi wa ghorofa za juu hakuna aliyeambiwa.

Ilipofika zamu ya Mama Miavuli, karani, ambaye maagizo aliyafuata kama yalivyoandikwa, alinyoosha mkono bila kuinua kichwa, akabonyeza kitufe.

Mama Miavuli aliona watu mia wanainuka kwa pamoja. Aliona viti vinaanguka, vinywa viko wazi, muuza kuku anapita juu ya benchi, wakuu wa idara wanashuka ngazi na mafaili vifuani. Nyuso zote zilikuwa nyuso za king'ora. Ni mimi, akajisemea, na furaha ikampanda. Akanyoosha gauni, akaenda dirishani kinyume cha mkondo wa watu, akikanyagwa vidole na kuomba radhi.

Dirishani hapakuwa na mtu. Karani alikuwa ametoka mlango wa nyuma, daftari kwapani.

Mama Miavuli alisubiri. Tangazo lilisema usubiri. Ukumbi ulikuwa mtupu, karatasi zinapeperuka, na kupitia dirisha la upande aliona jiji lote limesimama uani likitazama paa kutafuta moshi. Baada ya muda mrefu likaja gari la zimamoto. Lilichelewa kwa kuwa magari mengine barabarani hayakulipisha. Lilikuja kimyakimya, king'ora chake kikiwa humu ndani. Wazimamoto wakaingia na mipira yao, wakamkuta mwanamke mmoja amesimama kwa adabu mbele ya kaunta. Wakakichukua king'ora chao, wakamtazama kwa jicho baya, wakaondoka.

Kazi iliendelea mchana, maana mwezi ulikuwa unakwisha siku hiyo hiyo. Watu walirudi vitini. Karani alirudi na daftari, akainama, akaita. Na hapo Mama Miavuli, aliyekuwa safu ya mbele, akaona jambo lisilo la kawaida.

Fundi saa aliinuka na kwenda dirishani. Kinywa chake kilifunguka: "Nipo." Karani hakuinua kichwa. "Nipo! Nipo hapa!" Mishipa ya shingo ilimtoka fundi saa. Karani aliita mara ya tatu, akangoja kidogo, akapiga mstari. Akaja mama wa mitumba, akapiga kelele, mstari. Akaja muuza kuku na kifua chake chote, mstari. Makava alisema kwa heshima, kisha bila heshima, mstari. Watu walianza kurukaruka. Hakuna aliyethubutu kugonga kioo. Tangazo lilikataza, na askari alikuwepo.

Mama Miavuli alimtazama karani. Alimwona anabana jicho moja, anatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni akiogelea, anajigusa sikio, kisha anakitazama kipaza sauti kama kitu kilichomkosea. Mama Miavuli uso ule aliujua. Aliwahi kuwa nao, kitandani, darasa la kwanza, siku ile mama yake alipokuwa anaongea na hakuna kitu kilichokuja.

Aliinuka. Hakugonga kioo. Aliweka kiganja juu ya ubao wa kaunta, ule ubao mrefu uliopita chini ya kioo mpaka kwenye viwiko vya karani, akaupiga mara mbili, kama walivyokuwa wakiitana mezani shuleni.

Karani aliinua kichwa.

Alikuwa na macho mekundu, ya woga. Mama Miavuli akainua mkono, akajielekeza kifuani: mimi. Kisha akanyoosha kidole kupitia tundu la kaunta mpaka kwenye daftari, kwenye jina lake mwenyewe, lenye mistari yake miwili na mwandiko mzuri pembeni. Karani alitazama jina, akamtazama yeye. Akainama upande ili mdomo wake utoke nyuma ya tangazo. Watu wa nyuma walijikunyata, kwa hiyo lazima alikuwa anapiga kelele.

"Sisikii kitu!" midomo yake ilisema. "Mama, sisikii!"

Mama Miavuli akaitikia kwa kichwa. Alimwonyesha kwa mikono kwamba asiogope, litapungua, alale leo mapema. Karani hakuelewa alama hata moja, lakini aliendelea kuitazama ile mikono mpaka ilipotua. Kisha akatafuta mhuri, akaugonga.

Mama Miavuli alitaka kuwasaidia wenzake waliofuata, aupige ubao kwa ajili yao, ila askari alikuwa na kumbukumbu nzuri ya siku ya majina mengi. Alimshika kiwiko, akamtoa nje.

Jioni hiyo ofisi ilipofungwa, soko karibu zima lilikuwa limeandikwa ukaidi. Nje ya Dawati la Malalamiko palikuwa na msururu uliozunguka jengo. Redio, aliyekuja mbio kutoka saluni na rangi za nywele vidoleni, alimkuta afisa ametoka mlangoni akimtafuta Mama Miavuli, anang'aa uso mzima.

"Mpe hongera shangazi yako! Lalamiko lake tumelifunga. Alisema anabaguliwa, sivyo? Nimepitia daftari lote. Leo hakuna aliyesikilizwa. Wote wametendewa sawa."

Redio alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu. Akatafsiri kwa mikono tu, taratibu, neno kwa neno, akijitazama vidole kama si vyake.

Mama Miavuli alicheka. Alicheka kwa ile sauti yake isiyo na vipimo, na msururu mzima ukageuka.

Sokoni alimkuta Makava amekwisha kuingiza meza yake chini ya ngazi, na makava yamepangwa kwa rangi. Zulia la kijani lilikuwa limetandikwa. Mama Miavuli alimwonyesha karatasi yenye mhuri. Makava akaisoma, akaisoma tena, akaketi juu ya meza.

"Sasa huku nimekosa," akasema, "na kule getini nimeandikwa mkaidi. Mama, mimi niende wapi?"

Midomo yake ilikuwa inatetemeka, lakini ilisomeka. Mama Miavuli alishika upande mmoja wa meza na kumwonyesha ashike wa pili. Wakaitoa pamoja hadi ukingoni mwa baraza, wakarudi kuchukua makava kwa mafungu, halafu zulia. Fundi miwani alikataa kusaidia. Alisema yeye hana roho hiyo.

Makava alipomaliza kupanga, alibaki amesimama akizungusha kofia.

"Kesho utanisindikiza?" akauliza. "Kwa karani. Wanasema wewe peke yako ndiye anayekuitikia."

Mama Miavuli alimwita Redio kwa kidole, amtolee sauti. Redio akatazama mikono ya shangazi yake, akapandisha nyusi.

"Anasema sawa, mtakwenda. Lakini saa nne, si kabla. Kuna mwavuli wa watu ameushona nje ndani, anaufumua kwanza."